KB Moja ya Baba

Mama yangu haamini mtu aliyesoma mpaka amuulize swali moja. Mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Tulikuwa jikoni kwake, mtaa wa Kaptembwo, akachomoa kadi ya memori kwenye redio yake na kuninyooshea: imeandikwa 2GB.

"Hii GB ni nini? Na usinizungushe."

Alitaka kuongeza nyimbo za kwaya yao, lakini kadi ilikuwa imejaa. Humo ndani mlikuwa na kitu kimoja asichokubali kipotee: marehemu baba akiombea chakula, Krismasi yake ya mwisho. Hatuna sauti yake nyingine popote.

Basi nikajifanya profesa. G ni giga, nikamwambia, kutoka Kigiriki, maana yake jitu. B ni baiti, jina walilobuni wahandisi kwa kipande kidogo cha habari. Herufi moja tu inajaza baiti moja. Baiti elfu hivi ni KB, kama ukurasa mfupi. KB elfu ni MB, kama dakika moja ya wimbo. MB elfu ndiyo GB.

"Wagiriki nao! Wanatafuta nini kwa redio yangu?" akasema, akaendelea kukata sukuma wiki.

Nikachomeka kadi kwenye laptop, nikanakili kila kitu. Hata dakika haikuisha, nikajisifu. Nikabonyeza pa kufuta kadi, nyimbo mpya zipate nafasi. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Kidole kilikuwa kinashuka mama aliponishika mkono.

"Ngoja. Kwa ile umenakili, kando ya jina la baba yako naona 1KB. Si umesema hiyo ni ukurasa mfupi?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo mzee aliombea kuku, akaombea aliyefuga kuku, akaenda Molo mpaka Naivasha akitaja jamaa mmoja mmoja. Ni lini alimalizia kwa ukurasa?"

Nikafungua ile nakala. Kimya. Kadi ilikuwa na virusi, vile vya kwenye kompyuta za kulipia za saiba, vinavyoficha faili na kuacha majina matupu. Nilikuwa nimenakili majina; sauti zenyewe zilibaki zimefichwa kwenye kadi. Haki ya Mungu, nikaogopa hata kugusa meza.

Nikairudisha kadi kwenye redio bila kufuta wimbo hata mmoja. Baba akakohoa, akaanza kuomba. Mama akaweka kisu chini.

Siku hizi wageni wakija, ananitambulisha yeye mwenyewe: "Huyu ndiye alisoma kompyuta. Kidogo tu amzike baba yake mara ya pili."