Nilimwita Rafiki Yangu Mwizi kwa Sababu ya Kompyuta Ndogo

Nimekosa. Wacha nianzie hapo, maana nikianza kwa kujitetea hamtasikia kitu cha maana. Nilimwita mwanamke mwaminifu mwizi, mbele ya watu, na mwanamke huyo alikuwa rafiki yangu. Jina langu siandiki. Lake nimelibadilisha, nitamwita Halima.

Mimi ni mama wa makamo. Nina kichumba cha kuchapa na kuprinti hapa Huruma, Eldoret. Wanafunzi huniletea projekti zao, vijana huleta barua za kuomba kazi, na familia zilizofiwa huleta programu za mazishi. Kichumba chenyewe ni kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Na mimi ni mtu wa kushuku. Sijifichi. Nikipewa chenji nahesabu mara mbili. Mwenye nyumba akinisalimia kwa tabasamu, nawaza kodi itapanda. Mume wangu, kabla hajaenda zake, aliniambia, "Wewe hata ukipewa maji utauliza yametoka bomba gani." Nilidhani hiyo ni akili. Jameni, nilidhani ni akili!

Mwaka jana kompyuta yangu kubwa ya zamani ilikufa. Nikaamua safari hii nitafute zile ndogo, zile za kisanduku kinachotoshana na kitabu kinene. Sababu ya kwanza ni nafasi. Ya pili ni kwamba ingeingia kwenye mkoba nikaenda nayo nyumbani kila jioni, maana sikuwaamini wezi wala majirani.

Bajeti ilikuwa elfu ishirini na mbili, hakuna hata mia ya juu.

Nilizunguka mjini wiki tatu. Duka moja walinionyesha kisanduku kipya kinachong'aa, kumbe prosesa yake, ule ubongo wa ndani, ni dhaifu, ya kuangalizia video tu. Kwingine stika ilikuwa imebanduliwa ikabandikwa nyingine juu. Nikapiga picha kila stika, nikaandika kila bei kwenye daftari. Wauzaji walifika mahali wakiniona wanageuza uso.

Mwishowe nikaenda kwa Halima. Mtauliza kwa nini sikuanza naye. Halima anatoka jamii ya wafanyabiashara waliokuja kutoka kaskazini, na alikuwa na kaunta ya kompyuta za mtumba ndani ya jengo moja katikati ya mji. Tulijuana miaka kumi na minne iliyopita, vitanda vyetu vilipokaribiana wodi ya wazazi. Mimi sikuletewa chakula siku ile. Yeye aligawa uji wake nusu kwa nusu, hata bila kuniuliza jina. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Lakini kununua kitu kwa rafiki kuliniogopesha. Nilijiambia, huyu ndiye atanipunja vizuri, kwa sababu anajua sitamwuliza maswali. Mnaona akili yangu?

Halima alinivutia stuli, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwa thamosi yake.

"Dadangu, usinunue sura," akaniambia. "Nunua kilicho ndani. Prosesa iwe kizazi cha nane kwenda juu, ndiyo Windows ya sasa iingie bila shida. RAM ya GB nane inakutosha, na hii ina nafasi ya kuongeza. Diski iwe SSD, usikubali ile ya kuzunguka. Na skrini yako ya zamani haina tundu kama hili, kwa hivyo hapa kuna kebo. Hiyo nakupa tu."

Akaiwasha mbele yangu. Ikafunguka upesi kuliko nilivyotarajia. Akanionyesha kila kitu kwenye skrini, akaandika kwenye risiti.

Kisha akainua chaja, ile yenye tofali jeusi. "Hii ni yake mwenyewe. Itunze. Ikiharibika njoo kwangu, usiokote tu yoyote."

Mimi nikawaza: haya, ameshaanza kunitafutia kitu kingine cha kuniuzia kesho.

Mwezi wa kwanza mashine ilifanya kazi kama upepo. Wateja walishangaa. "Hiki kidude ndicho kompyuta?" Nilifurahi hadi nikaongeza kiti cha wateja.

Lakini kubeba tofali la chaja kila siku kulinichosha. Siku moja nikiwa natembea mjini, kisanduku kikiwa mkobani, nikaona mtu ameweka chaja chini kando ya barabara. Nikajaribu moja kwenye kisanduku changu, ikaingia sawasawa. Nikainunua kwa bei ya kutupa, nikaiacha kazini. Ile ya Halima ikabaki nyumbani kwa kabati. Nilijiona mjanja sana, tena nimemkwepa Halima na biashara yake ya chaja.

Kuanzia hapo mashine ikawa nzito. Kufungua faili moja ni kungoja. Kuprinti ni kungoja. Kila asubuhi nikiiwasha, maandishi meupe yalitokea kwenye skrini nyeusi, kwa Kiingereza, ikasimama hapo. Nilijifunza kwamba nikibonyeza kitufe kimoja inaendelea. Nikawa nabonyeza tu, hata siangalii. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma karatasi za watu!

Sikuwaza chaja hata dakika moja. Nilimwaza Halima. Nilikumbuka alivyoiwasha haraka haraka mbele yangu. Nilikumbuka kebo ya bure. Kwani nani hukupa kitu bure? Nikajiambia, alinionyesha mashine moja akanifungia nyingine.

Halafu ikaja ile siku. Familia moja ilikuwa inamzika mzee wao kijijini kule Sugoi, siku ya Ijumaa. Alhamisi waliniletea picha zake na historia ya maisha yake, nipange programu. Asubuhi ya Ijumaa binti yake kifungua mimba akaja kuchukua nakala. Mashine ilikuwa imeganda kwenye ukurasa wa pili. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Yule mama alisimama mlangoni amevaa nguo zake za matanga, anatazama saa, gari la maiti linangoja.

"Tutamsomea nini baba?" akauliza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, akageuka, akaenda.

Woi! Aibu ile ilinichoma hadi masikioni. Nikachomoa kisanduku, nikakitia kwenye mkoba, nikafunga kichumba, nikaenda mjini moja kwa moja.

Nilimkuta Halima na mteja, kocha fulani wa kambi ya wakimbiaji kule Kaptagat, anataka kompyuta ya ofisi yao. Nikasukuma kisanduku juu ya kaunta katikati yao.

"Chukua uchafu wako! Umenifungia mashine mbovu!"

Halima alishtuka. "Dadangu, keti kwanza. Ina shida gani?"

"Shida unaijua wewe!"

Akaishika, akaigeuza, akasoma namba ya chini. "Hii ndiyo ile ile niliyokuuzia, namba yake iko kwenye risiti. Umekuja na chaja yake?"

Naapa alisema hivyo. Swali lake la kwanza la kazi lilikuwa hilo, na ndilo lilikuwa jibu lote. Mimi nikacheka kwa kelele ili watu wasikie.

"Chaja! Sasa ni chaja! Mmesikia huyu?"

"Basi niachie hadi jioni niikague."

"Ndiyo uchomoe na kile kimebaki?"

Watu walikuwa wameanza kujaa. Kocha akarudisha pesa zake mfukoni, taratibu, akaondoka. Na badala ya kunyamaza nikatoa lile neno ambalo hadi leo likinijia nafumba macho. Nikasema, "Nyinyi watu mko hivyo. Wezi tu."

Watu waligeuka wakamtazama Halima.

Halima aliweka kisanduku chini. Hakupandisha sauti. "Sisi watu gani?" akauliza.

Mtu aliyenilisha uji! Nikachukua simu, nikampiga picha yeye na kaunta yake, nikaiweka kwenye grupu ya akina mama wa mtaa. Nikaandika, "Tahadhari, huyu anauza kompyuta za wizi." Hata hiyo haikuwa kweli kwa hesabu yangu mwenyewe! Sikuwa nimesikia popote kwamba ni za wizi. Nilikuwa na hasira, neno likaja, nikalituma. Grupu ikatuma kwa grupu nyingine, hadi ikafika kwa mwenye jengo.

Wiki mbili baadaye msichana mmoja wa chuo alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akingoja mashine ifunguke. Maandishi meupe yakatokea. Nikanyoosha kidole nibonyeze.

"Auntie, ngoja," akasema. "Si inakwambia haitambui chaja? Inasema itafanya kazi pole pole hadi uweke inayofaa."

Nilisoma. Kwa mara ya kwanza nilisoma. Mistari mitatu tu.

Nilimwacha pale, nikaenda nyumbani karibu nikikimbia, nikatoa tofali la Halima kabatini, nikarudi nikalichomeka. Maandishi hayakutokea. Mashine ikafunguka kama siku ile ya kwanza. Msichana akasema, "Ona sasa!" akafurahi. Mimi nikamwambia macho yananiwasha.

Sasa sikilizeni, kwa maana mpaka hapo sijaungama. Kushuku kwa ujinga ni kosa, lakini mtu anaweza kulieleza. Kosa ambalo siwezi kulieleza ni hili: nilijua ukweli, na nikanyamaza siku tisa.

Siku tisa! Kila asubuhi nilisema leo nitaenda. Halafu nawaza watu wa lile jengo watakavyoniangalia. Nawaza grupu, na wale waliosema "asante kwa kutujulisha." Nikajipa hata moyo kwamba Halima ameshasahau, ni mfanyabiashara, wamezoea kelele za wateja. Na wakati huo wote mashine yangu inakimbia, naingiza wateja, nakula jasho la mkono wake.

Siku ya kumi nikaenda. Kwenye kaunta yake nikakuta makava ya simu na kijana nisiyemjua. Jirani yake, mzee mmoja fundi wa saa, alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Unamtafuta wa nini?" akauliza. "Umekuja na kelele nyingine?"

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Yuko wapi?"

"Mwenye jengo alimwambia atoke, ati anaharibu jina la jengo. Mama yule alimsihi ampe wiki moja tu, akasema wewe ni dada yake, hasira zako zikishuka utakuja mwenyewe useme. Akapewa wiki. Alikungoja. Ametoka juzi."

Juzi. Ukweli ulikuwa kwangu, umekaa kwenye kabati la moyo wangu, na yeye ananingojea, akiinua macho kila mtu anapopanda ngazi.

Nilimkuta kwake akifunga mizigo. Alikuwa anahamia Kitale kwa kaka yake. Alinikaribisha, alinipa hata kiti. Nikaongea yote, nikilia, chaja, maandishi, yule msichana. Yeye aliendelea kukunja shuka.

Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu. "Ulijua lini?"

Haki, nilitaka kusema jana. Neno lilikuwa mdomoni.

"Siku kumi zilizopita," nikasema.

Mikono yake ikasimama. Akakaa juu ya sanduku. "Ile ya kaunta ningekusamehe bila wewe kuniuliza," akasema. "Mtu akiharibikiwa na kazi huwa kama kichaa, nimeona wengi. Lile neno la 'nyinyi watu' pia ningejikaza. Lakini wewe ulikuwa unajua, dadangu. Ulikuwa unajua na unakunywa chai."

"Nisamehe."

"Nenda useme mahali uliposema. Kwangu umeshasema."

Akanisindikiza hadi mlangoni, kwa adabu zake zile zile. Hakuniambia karibu tena.

Nilienda kwa mwenye jengo. Akasema nafasi imeshapewa mtu, na kwamba wanawake tukigombana tusimsumbue. Jioni hiyo nikaandika kwenye grupu, neno kwa neno, kwamba nilidanganya, kwamba Halima ni mwaminifu na mjinga nilikuwa mimi. Wanawake sita walijibu kwa alama ya dole gumba. Mmoja akaandika, "Usijilaumu mummy, hao tunawajua." Nilimjibu kwamba hawajui. Akaniandikia kicheko. Nikakaa na ile simu mkononi, nikaelewa kwamba picha niliyoituma siku ile mimi siwezi tena kuirudisha.

Nilimtumia Halima ujumbe wakati wa Idi. Alisoma. Hakujibu. Sijamlaumu.

Ndugu zangu, kompyuta hizi ndogo ni nzuri, nunueni. Mwulizeni muuzaji kizazi cha prosesa, angalieni diski, andikeni namba kwenye risiti, na msitenganishe mashine na chaja yake. Ikikuandikia kitu, soma. Lakini hayo mtaambiwa na muuzaji yeyote wa maana, hamkunihitaji mimi.

Langu ni hili. Kama kuna mtu umemshuku, ukamtangaza, halafu ukagundua kwamba ulikosea, usingoje hata chakula kiive. Toka hivyo ulivyo, na kandambili zako miguuni, umfikie leo. Hujui kesho yake mwenye jengo lake atakuwa amemwambia nini.