Mjane wa Shati la Bluu

Filamu yenyewe mtaa mzima uliijua. Kinyozi wa pale kona alikuwa amemchora shujaa wake mlangoni, kichwa kikubwa kuliko mabega, na vijana waliingia wakiionyesha ile picha kwa kidole, wakitaka wanyolewe vile vile. Wabeba mizigo walipiga miluzi ya nyimbo zake. Maneno hayakueleweka, yalikuwa ya lugha ya mbali, lakini kisa kilijieleza: kijana anarudi kwao, anakuta tajiri amewadhulumu wazazi wake, anawapiga watu wa tajiri mmoja baada ya mwingine, mwishowe anaoa.

Nyumbani kwa fundi rangi kanda ya filamu hiyo ilifika kwa bahati tu. Mjomba wa watoto, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio, na alikuwa amepewa chumba cha mbele kiwe karakana na malazi kwa pamoja. Mteja mmoja alimletea deki mbovu, kanda ikiwa imekwama ndani, kisha akahama mji na hakuonekana tena. Deki ikapona. Kanda ikawa ya nyumba, ikachezwa kila mvua iliponyesha, kila mgeni alipokuja, na kila mjomba alipotaka kujaribu televisheni aliyokuwa akiitengeneza.

Watoto walikuwa watatu. Kaka mkubwa alijifanya shujaa bila kupingwa. Wa pili alikuwa mvivu tangu tumboni. Mama alisema hata kuzaliwa alichelewa kwa uvivu. Wa mwisho alikuwa msichana wa darasa la tatu, mwembamba, msikivu, asiyelia ovyo. Yeye, shujaa hakumshughulisha hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa mtu mwingine.

Katikati ya filamu kuna mapigano juu ya paa la ghala. Mlinzi mmoja wa tajiri, mtu mzima mwenye kitambi na shati la bluu, anakuja mbio na rungu lake, anapigwa ngumi moja, anayumba, anadondoka. Shujaa anajifuta mikono na kumgeukia anayefuata. Basi, habari ya yule mlinzi imeishia hapo.

Siku alipoiona mara ya kwanza msichana aliuliza ni nani aliyempeleka nyumbani. Kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba, koleo mkononi, alisema adui hapelekwi nyumbani. Mama alikuwa akikunja mashuka ya nyumba ya wageni aliyokuwa akiwafulia, akajibu kwamba bila shaka wenzake walimbeba. Msichana hakuridhika. Akangoja baba arudi.

Baba siku nzima alikuwa juu ya jukwaa la mbao, amefungwa kitambaa kichwani, akipaka rangi kuta za maghorofa ya watu. Alirudi na madoa kwenye kope. Alimsikiliza bintiye huku akisugua mikono kwa mafuta ya taa.

"Ule ni mchezo tu, mwanangu. Yule mtu amelipwa."

"Amelipwa ili aanguke?"

Baba alifikiri kidogo, akasema ndiyo, ndivyo ilivyo. Akaenda kuoga. Toka siku hiyo msichana alianza kwenda kumpokea njia panda kila jioni, na kwa kuwa alimbebea ndoo ya brashi, hakuna aliyeona ajabu.

Kuhusu yule mlinzi, msichana alikuwa na habari nyingi kuliko aliyeitunga filamu. Mlinzi alikuwa na mke na mtoto mmoja. Kazi ya ulinzi hakuipenda. Aliichukua baada ya kiwanda kufungwa, na ule ugomvi wa tajiri na shujaa hakuujua hata chanzo chake. Asubuhi ile aliondoka bila kunywa chai. Haya yote msichana aliyasimulia kama mtu anayetoa habari za jirani, na ndipo kaka mkubwa alipomwita Mjane. Jina likamganda. Hata mwalimu wa darasa alilitumia siku moja, kwa bahati mbaya, akaona haya.

Michezo ya uani nayo ikabadilika. Kaka mkubwa alitaka kupigana tu. Mjane alitaka yale yanayofuata baada ya kupigana. Aliyekubali kuwa majeruhi ni yule wa pili, maana kazi yenyewe ilikuwa kulala chini ya ukuta wa bafu, mkono mmoja umekunjwa chini ya tumbo, shavu kwenye vumbi, macho yamefumbwa. Hiyo aliiweza. Wakamwita Gunia. Mjane alimfunga kwa vipande vya mashuka yaliyochakaa, akamwekea vijiti mguuni, akamburura juu ya mkeka hadi mlango wa jiko, ambako mke wa mlinzi alikuwa akingoja. Mke naye alikuwa Mjane huyo huyo. Likizo nzima Gunia aliburutwa, na mara nyingine alisinzia kweli, ikabidi aburutwe na usingizi wake.

Deki ilikuwa na kitufe cha kurudisha nyuma, na Mjane alikijua. Mjomba akitoka kununua vipuri, yeye alirudisha mkanda kwenye paa la ghala, akatazama, akarudisha tena. Alikuwa akitafuta uso wa mlinzi, ili ajue kama alikuwa anaogopa. Mahali pale pakaanza kuchuja, kisha pakaingia mistari, na siku moja deki ikaumeza mkanda ikakataa kuutema. Mjomba hakumpiga. Alifungua deki, akautoa mkanda uliosokotana kama utumbo wa kuku, akakata sehemu iliyoharibika, akaunga ncha mbili kwa utepe wa gundi. Jioni wakaitazama. Mlinzi wa shati la bluu alikuja mbio na rungu lake, na papo hapo shujaa akawa anajifuta mikono.

Kaka mkubwa alikasirika kwa sababu ngumi yake nzuri imepotea. Mjomba alidhani binti atafurahi. Akamwambia kwa utani, haya, mtu wako sasa amepona, haanguki tena.



"Sasa hata kuanguka kwake hakujulikani," alisema Mjane.

Hakuitazama tena ile filamu. Wengine waliendelea nayo mpaka ilipoisha mvuto, ikaja nyingine, na kinyozi akapaka mlango wake rangi mpya. Mjomba alioa akahamia kwake. Jukwaa la baba halikuwahi kuvunjika. Alipaka kuta mpaka mapafu yakamchosha, akafa kitandani kwake, mchana, watoto wake wakiwa wakubwa.

Mjane alimaliza shule kwa alama za katikati. Alitaka ukunga, nafasi zikajaa. Akapelekwa kujifunza kazi ya kuwafunga plasta waliovunjika mifupa, ambayo hakuna mwenzake aliyeitaka, kwa kuwa inachafua nguo na kukausha mikono. Amekaa huko mpaka leo. Chumba cha plasta kiko mwisho wa ukumbi wa hospitali, baada ya picha za eksirei. Kina kitanda kirefu, sinki ambalo huziba kila mara kwa unga mweupe, ndoo ya maji ya uvuguvugu, na msumeno wa umeme wa kukatia plasta ambao watoto wakiusikia tu wanapiga yowe. Kabla ya kuanza huugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, waone kwamba hautafuni ngozi. Nusu yao huamini.

Anajulikana kwa jambo moja linalowaudhi wahudumu wenzake. Mgonjwa mwenye plasta ya mguu hatoki mlangoni kwake mpaka aseme anaondoka na nani. Akisema na mtu, huyo mtu aonekane. Akisema peke yake, anaketishwa kwenye benchi na simu inapigwa. Foleni ikirefuka msimamizi hulalamika, na yeye hujibu kwa upole kwamba magongo si ndugu.

Kaka mkubwa, ambaye sasa anauza vifaa vya ujenzi na ana kitambi chake, hueleza kila penye watu kwamba tabia hii imetoka kwenye filamu. Mjane hakubali. Anasema ni utaratibu wa kazi. Akibanwa sana, anasema yule mlinzi alikuwa mchezo wa kitoto na wagonjwa wake ni watu.

Mwaka jana, Jumapili moja mchana, walikuwa kwa mama wote watatu. Kaka mkubwa alikuwa ameipata filamu nzima kwenye simu, safi, haina mstari hata mmoja. Wakaiegemeza simu kwenye jagi, wakasogeza viti. Lilipofika paa la ghala mama naye alivaa miwani.

Shati halikuwa la bluu. Lilikuwa la kijivu; televisheni za mjomba ndizo zilizokuwa zimechoka zikatia bluu kila kitu. Mlinzi alikuja mbio, akapigwa, akayumba, akatoka nje ya picha. Hakuonekana tena. Ardhi haikuonekana kabisa.

Mjane aliomba irudishwe. Ikarudishwa. Ikawa vile vile.

"Wameikata," alisema kaka mkubwa. "Pale chini alipolala wamepatoa. Mimi nakumbuka vizuri, mkono uko chini ya tumbo."

"Shavu limegusa mchanga," alisema Mjane.

"Hawajakata kitu," alisema Gunia. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kama kawaida yake. "Huyo aliyelala ni mimi."

Wote walimgeukia. Kisha mama akasema ni kweli, palikuwa chini ya ukuta wa bafu, na nguo zile hazikuwahi kutakata. Kaka mkubwa alibisha kidogo, akaacha.  Mjane aliurudia ule mwili kichwani, mkono, shavu, macho yaliyofumbwa, na kila alipoutazama ulikuwa wa mtoto mwenye kaptura ya shule. Mtu mzima hakuwamo. Alishangaa kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwa ameliona hilo, na alishangaa zaidi kwamba halikumuuma.

Akamuuliza Gunia kama alikuwa akichoka kuburutwa vile.

"Hapana," alisema Gunia. "Ulikuwa unanishika vizuri kichwa."

Filamu ikaendelea. Mjane aligundua kwamba sehemu iliyofuata haijui. Utotoni alikuwa hapo lakini alikuwa akiwaza mengine. Akauliza yule mwanamke mwenye gari ni nani. Kaka mkubwa akafurahi, akaanza kumweleza kisa tangu mwanzo, dhuluma, kiapo, pete iliyopotea, akisimamisha simu kila mara ili asikosee. Alieleza kwa urefu. Alipoinua macho kuona kama wanafuatilia, mama alikuwa jikoni, na Mjane, ambaye zamu yake ilikuwa ya alfajiri, alikuwa amelala kitini na mikono yake mikavu mapajani. Gunia alimwambia kaka apunguze sauti.