Neno "mwenyeji" lilivyotunyima nafasi ya kanda

Wakuu, heshima yenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa, na mwenye kosa ni mimi.

Nilikuwa katibu wa michezo kwenye chuo kimoja hapa Nachingwea. Watani wetu ni chuo cha Ruangwa. Tukienda kwao ngumi zinapigwa, wakija kwetu ni hivyo hivyo. Safari hii kamati ya ligi ya vyuo ikachoka, mechi ikapelekwa Nanganga, eti uwanja wa kati. Nanganga yenyewe iko wilaya ya Ruangwa, ila tuliache hilo.

Nafasi ya kwenda kanda ilikuwa moja, na pointi tulikuwa sawa.

Aliyeitaka kuliko wote ni Bakari, golikipa wetu, mtoto wa wakulima wa Narung'ombe. Miaka miwili kakaa benchi. Huu ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, na kanda ndiko makocha wa timu kubwa wanakokuja kutazama wachezaji.

Siku ya kujaza fomu kulikuwa na nafasi mbili: mwenyeji na mgeni. Katibu wa Ruangwa, Hamisi, tunataniana tangu sekondari. Akanianza: "Mtani, nyie andikeni wageni. Si mnakuja kula kwetu?"

Damu ikanichemka. Mimi nikale kwao? Nikaandika chuo chetu kwenye mwenyeji, tena kwa herufi kubwa. Hamisi akacheka, akasaini haraka haraka.

Sasa mwenyeji lazima alishe wageni. Tukabeba masufuria kutoka Nachingwea, tukawapikia watu wa Ruangwa wali na mbaazi ndani ya wilaya yao. Nilijiona mjanja kweli.

Mechi ikaisha moja moja. Dakika ya mwisho Bakari alidaka penati. Tukambeba juu juu, maana kwa tofauti ya magoli tulikuwa mbele.

Kumbe kanuni inasema timu zikilingana, pointi za ugenini zinaangaliwa kwanza, magoli baadaye. Hizo nazo tulikuwa sawa kabla ya Nanganga. Dro yetu ikahesabiwa ya nyumbani, ya Ruangwa ikawa ya ugenini. Wakaenda wao.

Nikapinga: uwanja wa kati, mwenyeji anatoka wapi? Mwenyekiti wa kamati akanigeuzia fomu. Kanuni iko nyuma yake, na sahihi ni yangu.

Nilichojifunza: soma karatasi yote kabla hujashika kalamu, na utani usiuingize kwenye fomu. Iliniuma sana, wakuu.

Wenzetu wa vyuo vingine, mkicheza uwanja wa kati huwa mnaandikaje? Karibuni mnipe maoni, hata ya kunisema.

Nilimweleza Bakari ukweli wote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Katibu, kwa hiyo ningekuwa mgeni, ile penati ingenipeleka kanda?"

Nikamwambia ndiyo.