Moto Uliosingiziwa

Katika shule ya udereva alikofundisha, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Breki. Gari la kujifunzia huwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuchelewa kuikanyaga ya kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mcheshi, mwenye sauti ya kufukuza kuku shamba la jirani, na alijiamini kupita maelezo. Tena alikuwa na haki, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa hawafeli ovyo.

Kliniki ya macho alikwenda kwa jambo dogo tu. Siku hizi, kusoma orodha ya wanafunzi mpaka anyooshe mkono kama anayemkabidhi mtu barua. Alitaka miwani ya kusomea, basi, awahi somo la saa nane.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mpole, asiye na haraka hata chembe. Alimpima presha ya macho, akarudia. Akamtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia ndani kwa taa, jicho moja, jingine, kisha lile la kwanza tena. Breki alianza kuhesabu vigae vya ukutani.

"Mama, kwenu kuna mtu aliyepofuka?"

"Yupo, baba yangu. Lakini yeye ni moto. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akawa anachomelea bila kofia ya kukinga uso."

"Nani alisema ni moto?"

Breki alishangazwa na swali. Nani alisema? Kila mtu alisema. Marehemu mama yake alisema kutwa mara tatu, kama dozi, siku nyingine kwa hasira na siku nyingine kwa kicheko: mwanamume mzima amekaidi kuvaa kofia, sasa ona.

"Mwanga wa kuchomelea ukikuunguza jicho, unajua," daktari alisema. "Linauma usiku kucha kama limetiwa mchanga. Baba aliumwa?"

Hakuumwa. Alianza kugonga miimo ya milango kwa bega, akafuatia kukanyaga vitu vilivyokuwa pembeni yake, na siku zote akisema hajambo.

"Hiyo inaelekea ni presha ya macho, glakoma. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na ilichokula hairudishi. Na huwa inafuata damu."

"Kwa hiyo na mimi ndiyo nakwenda huko?"

"Sijasema hivyo. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu yuko karibu nao zaidi kuliko mtu wa kando. Lakini kuwa karibu si kuupata. Wengi hawaupati kabisa. Nani ataupata hatuwezi kujua kwa kumwangalia usoni, ndiyo maana tunawapima wote. Wewe presha imepanda na mshipa umeanza kuguswa, ila bado unaona kote. Umewahi. Utatia tone moja kila jicho kila jioni, usiache hata ukijisikia mzima. Una ndugu?"

"Mmoja. Mdogo wangu, wa miaka arobaini na nne."

"Mlete."

Breki alitoka na chupa yake ya dawa, na niseme ukweli, hakujihurumia hata kidogo. Ugonjwa ulioonekana mapema kwake ulikuwa kama gari lililoonekana mapema: unapunguza mwendo, maisha yanaendelea. Aliyemkaa rohoni ni mdogo wake.

Mdogo wake huyo ndiye aliyerithi karakana ya baba yao, na wateja walimwita Kofia. Baba alipoacha kuona, yeye akiwa kijana wa miaka ishirini, aliapa kwamba yaliyompata baba hayatampata yeye. Akanunua kofia ya kuchomelea, ile ya kufunika uso mzima yenye kioo cheusi, na tangu siku hiyo hajawasha mashine bila kuivaa. Hata akinywa chai aliipandisha tu utosini. Mkewe alisema siku akifa watalazimika kuosha maiti na kofia yake.

Breki alimkuta anaunga fremu ya dirisha. Akamweleza yote.

"Dada, baba hakuvaa. Mimi navaa," Kofia alisema, tena kwa fahari. "Huyo daktari wako jana tu alikuwa anafundishwa kufunga kamba za viatu. Mama alikuwepo, alimwona baba kwa macho yake."

"Twende upimwe tu, ndugu yangu. Dakika chache."

"Mtu mzima apimwe nini? Naunga chuma huoni hata alama."

Akapapasa kushoto kutafuta nyundo. Nyundo ilikuwa pale pale, mezani, waziwazi. Mkono ukaangusha kikombe kwanza, ukaikosa nyundo, mpaka alipogeuza shingo nzima. Breki akatazama shati la mdogo wake. Bega la kushoto lilikuwa limechanika na kushonwa, na juu ya mshono palikuwa na doa jipya la kutu. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya watu wasioona ya pembeni, na alijua alichokuwa anakitazama. Aliogopa, yeye Breki. Akasogea kimya upande ule wa kushoto akasimama hatua mbili kutoka alipokuwa mdogo wake.

"Dada? Umeshaondoka?" Kofia aliuliza, huku anatazama mlangoni.

Alibembeleza, akatania, akagomba. Wapi. Kofia alishusha kioo, cheche zikaruka, mazungumzo yakaishia hapo.

Baba yao aliishi kwa Breki, na kazi aliyojichagulia ilikuwa kukunja nguo za nyumba nzima. Alikunja kwa pembe kali za kifundi, shati likitoka mkononi mwake utadhani limetoka dukani. Breki aliketi mbele ya lundo akamsimulia: daktari, dawa, nyundo, bega. Mzee aliendelea kukunja. Alipofika kwenye kitambaa cha mwisho, akakishika tu.

"Nilikuwa navaa," alisema.

"Ulikuwa unavaa nini, baba?"

"Kofia. Siku zote nilikuwa navaa. Mama yenu alinikuta mara moja nimeivua nafuta jasho, basi ikawa wimbo."

"Sasa mbona hukumkatalia?"

"Bibi yenu, mama yangu, alipofuka vivi hivi. Hajashika chuma maisha yake yote. Na kaka yake pia." Akakikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Mama yenu aliposema ni moto, niliona afadhali. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na tatu, wachumba wameanza kupiga hodi. Baba mzembe, watu watacheka, wataoa. Ukoo wa vipofu nani anabisha hodi? Nikajiambia, acha niitwe mzembe."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mzee huyu alificha, akaozesha, akapata na wajukuu watano, halafu ndiyo bili ikaletwa. Breki alimpenda baba yake na wakati huohuo akatamani kumtingisha mabega. Miaka ishirini na nne wamemcheka mtu kwa kosa asilolifanya, naye amekaa anawakunjia nguo!

"Ungetuambia, baba."

"Ningewaambia," mzee alikubali. "Nipeleke karakana."

Walipofika, Kofia alizima mashine na kupandisha kioo. Hakuwa amezoea kumwona baba yake pale. Mzee alikuwa hajakanyaga karakana tangu aikabidhi. Mzee hakutaka kiti. Alisimama ameshika mkono wa Breki, akasema yote upya: kofia, mama yake, mjomba wake, wachumba.

Kofia aliivua kofia yake, akaishika mkononi. "Kwa hiyo mimi miaka yote hii..."

"Endelea kuivaa, moto ni moto. Lakini haizuii nilichokupa mimi."

Kofia alifunga mtungi wa gesi na kumuuliza dada yake kliniki inafungwa saa ngapi.

Kuna mashine pale kliniki kama bakuli kubwa jeupe. Unaingiza uso, wanakufunika jicho moja, nawe unabonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Breki na baba yake walikaa kwenye benchi nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Walianza na jicho la kulia. Ta. Ta. Ta, ta. Kitufe kiliitika kama mvua inayoanza kwenye bati. Mzee akatikisa kichwa taratibu, anafuatisha.

Wakahamia la kushoto. Ta. Halafu kimya. Ta, na kimya tena, kirefu, mpaka Breki akajikuta anakandamiza sakafu kwa mguu wa kulia. Mzee aliacha kutikisa kichwa. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anasikiliza mahali pasipokuwa na sauti.

Kofia alitoka ameshika karatasi ya dawa.

"La kulia zima, presha tu," alisema. "La kushoto karibu nusu imekwenda. Hairudi. Amesema nikitia dawa kila siku, kuna matumaini makubwa iliyobaki itabaki."

Breki alishusha pumzi na kumshukuru Mungu kwa sauti, bila kujali waliokuwa kwenye foleni.

"Nusu," mzee alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi. "Nusu hiyo nimeila mimi, mwanangu. Kwa kunyamaza."

Kofia alimtazama, ikambidi ageuze uso kidogo ili amwone vizuri. Kisha akamshika kwapani, akamwinua.

"Nyanyuka, baba. Dirisha la dawa linafungwa saa kumi, na jioni hii wewe ndiye utakayewaambia wajukuu."