Mama Anayekalia Viti

Katika kiwanda chetu cha viti, mkaguzi ni mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ni kukaa. Hukalia kila kiti kinachotoka kwa mafundi, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, kisha akafumba macho na kusikiliza. Kikitoa mlio hata kidogo, hukigeuza miguu juu, akapitisha kidole gumba kwenye viungo, na kukirudisha: "Kaka, mtoto wako bado analia." Mafundi hucheka, lakini hawabishani naye. Ni yeye aliyewashawishi waache misumari, watumie skrubu, baada ya shehena nzima ya viti vilivyolegea kurudishwa kutoka ng'ambo na nusu yetu kupunguzwa kazi.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi mgeni. Alizunguka, akachagua kiti kimoja, akakiinua, na meneja akaanza kutabasamu. Mama akasema taratibu, "Samahani, mgeni wetu, hicho usichukue. Bado sijakikalia, na naona mguu wa nyuma ni mfupi." Mimi brashi ya vanishi ilinidondoka. Mgeni alikiweka sakafuni, akakitikisa, kikayumba. Akamgeukia mama.

"Na ulivyovikubali viko wapi?"

Mama alimwonyesha vilivyopangwa ukutani. Mgeni hakujaribu hata kimoja. Aliagiza vyote, na vingine mia nne, kwa sharti kwamba kila kiti kiwe na sahihi ya mama huyu kwa chini. Siku hizi mama hutembea na kalamu sikioni, na sahihi yenyewe inazidi kunenepa.