Shanga Zenye Hazijapita kwa Moto

Jumamosi soko ya Otonglo, kando ya omena yangu, dagaa kavu za kuuza, mama mmoja alikuwa anauza shanga za udongo. Mteja akaruka zote za meza, akataka zenye mama amevaa shingoni juu ya sweta.

"Hizo haziuzwi. Hazijachomwa. Zikishika maji zinarudi matope."

"Si uchome basi!" mteja akamtania. "Ama kuni imeisha?"

Nikacheka, na mnajua kicheko yangu, mpaka wauza mboga wakageuka.

Mama hakucheka. Akashika moja na vidole viwili. "Msichana wangu ndiye alizitengeneza, halafu tukamzika. Kwa moto, zingine hupasuka. Ikipasuka hata moja, nitaambia nani anitengenezee ingine?"

Kicheko ikanikauka mdomoni.

Halafu mvua ikamwagika bila hodi. Kila mtu akakimbilia mali yake. Yeye aliacha meza yote inyeshewe, akapiga magoti chini yake, mikono mbili imefunika shingo vile mtu hufunika mtoto.

Wasomaji wangu, nikatoa nailoni kwa omena, nikamfunika nayo.

Omena ikalowa. Wacha ilowe.