Kumchagulia Mzee Saiti za Gizani

Kazi yangu Dubai ilikuwa kuuza vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuvitumia. Nilisimama nyuma ya kaunta katika duka dogo ndani ya klabu ya kulenga shabaha, nikiuza mikoba ya bastola, mafuta ya kusafishia mitutu, vizibo vya masikio na saiti. Saiti ni vile vichuma viwili vilivyo juu ya bastola, kimoja mbele na kimoja nyuma, ambavyo mtu huvilinganisha kwa jicho kabla ya kufyatua. Vinavyotoka kiwandani huwa na madoa meupe tu, na jua likizama hayaonekani. Basi wanaoweza hununua nyingine zenye vijichupa vidogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake mna gesi inayong'aa yenyewe miaka na miaka bila betri.

Wateja wangu walikuwa wagumu wa kuchagua kuliko maharusi. Kijani au rangi ya chungwa? Nukta zote tatu ziwake, mbili za nyuma na moja ya mbele, au ya mbele peke yake? Ili wauone mng'ao mchana, fundi wetu wa silaha alichukua katoni ya maziwa ya unga, akaipaka rangi nyeusi ndani, akaitoboa tundu la kuchungulia. Nimewaona mabwana wakubwa, kanzu zao nyeupe za kandura zimepigwa pasi hadi zinakata, wakiinama na kutia uso kwenye katoni ya maziwa. Nilisimama pembeni na uso wa kanisani nikisema, yes sir, take your time, sir.

Fundi huyo alikuwa Mganda aliyestaafu jeshini kwao, Mwislamu asiyekosa swala, na kazini ndiye mtu pekee niliyeongea naye Kiswahili. Chake kilikuwa cha kambini, hakijui tafadhali. Siku aliyonikabidhi kaunta ya saiti aliniambia, "Wewe mama, usiulize mtu bunduki yake. Uliza macho yake. Bunduki haioni kitu." Kwa hiyo kila mteja tulimwambia anyooshe mkono, ainue kidole gumba, autazame ukucha. Kisha afumbe jicho moja, afumbe la pili. Ukucha ukiwa na ukungu, fundi alikataa kuuza. Alimwambia mtu aende kwanza kwa daktari wa macho, na wengine walinuna wakaondoka, naye akarudi kwenye meza yake kunywa chai.

Mume wangu alikuwa nyumbani Kajiado. Alinunua ng'ombe minadani, akachinja, akauza kwenye bucha yetu. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wameviziwa njiani mara kwa mara, ndipo akaomba leseni ya bastola, akapewa. Sikuipenda bastola ile hata siku moja. Ilikaa kiunoni mwake kama mgeni asiyejua kuaga.

Kule Dubai simu za intaneti zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo tulitumiana sauti. Unabonyeza, unasema, unatuma, unasubiri. Zamani tulikuwa tukiandikiana pia, lakini akaacha kuandika. Alisema anataka kunisikia, nami nikalamba asali hiyo bila kuuliza ilitoka mzinga gani. Ila maneno yenyewe yalikuwa yamekauka. Umekula? Nimekula. Karo? Nimetuma. Mvua? Bado. Mtu unaweza kuolewa miaka mingi na bado ukakosa la kumwambia mumeo, kwa sababu ya maana yote yanataka muwe mmeketi pamoja jikoni.

Halafu siku moja akasema, kama mtu anayepita tu, kwamba jioni jioni hazioni saiti zake. Nitasema ukweli: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke, mzee alihitaji kitu ambacho nilikuwa nacho.

Nikaanza kumhudumia kuliko sir yeyote. Basi la kampuni lilipotuchukua asubuhi pale mtaani Al Nahda, nilikaa dirishani nikamweleza kijani kinavyokaa machoni na rangi ya chungwa inavyokaa. Nilimweleza kuna aina yenye duara jeupe kuzunguka nukta ya mbele, ili hata mchana jicho likimbilie hapo. Naye aliuliza maswali. Je, inang'aa kiasi gani? Mtu akiwa ndani ya giza totoro, ataiona? Je, ni mng'ao wa kumulika au wa kuonekana tu? Tulichelewesha kuchagua makusudi, au mimi nilichelewesha. Nilijua tukishachagua tutarudi kwenye mvua na karo. Wenzangu chumbani waliniuliza ni mpenzi gani huyu mpya. Nikawaambia ni yule yule wa zamani, amefufuka.

Fundi alikuwa amenionya kwamba vitu vile havitumwi hivi hivi, vinataka vibali vya huku na vya kwetu. "Siku utaenda likizo tutajaribu kuomba, inshallah," alisema. Haikunisumbua. Utamu ulikuwa kwenye kuchagua.

Nilimfanyia hata kipimo cha fundi. Nyoosha mkono, mzee. Inua kidole gumba. Ukucha unauonaje? Akajibu upesi, "Naona vizuri, mama." Jicho la kushoto? "Vizuri." La kulia? "Vizuri kabisa." Hakuna mteja aliyewahi kupita kipimo kile kwa haraka hivyo. Nikajivuna.

Ijumaa moja nilifanya zamu ya mwenzangu, na kwa kuwa duka lilikuwa tupu kabla ya swala, nikatandika kitambaa cha kahawia juu ya kaunta, nikapanga saiti mbili zilizobaki kwenye mashindano yetu, ya kijani yenye duara na ile yenye chungwa mbele. Nikapiga picha, nikaituma bila maneno. Tulikuwa tumezijadili hadi zikachoka, nikaona haihitaji maelezo.

Jibu lilikuja fundi akiwa ananimiminia chai. Nikaifungua sauti ile kwa spika, maana nilitaka na yeye asikie uamuzi.

"Umependeza, mama watoto," mume wangu alisema. "Hiyo nguo imekukaa sana."

Nilicheka hadi chai ikamwagika. "Msikie huyu," nikamwambia fundi. "Nimempelekea vyuma, ananisifu nguo."

Fundi hakucheka. Aliweka birika chini. "Yeye, simu nani anamsomea?"

"Anasoma mwenyewe."

"Mama," akasema, na hilo neno kwa mara ya kwanza alilisema polepole. "Ulimpima macho, alikujibu namna gani?"

Nilikuwa nimeanza kuhesabu kichwani vitu ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Kuacha kuandika. Maswali yote yale ya mng'ao. Kwamba kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, mimi humtumia picha yangu nimevaa vizuri, naye hunisifu kwa maneno yale yale.

Nikabonyeza simu. "Mzee, hiyo picha umeona nini?"

Jibu halikuja hadi jioni. Nilikuwa nimeshajua, lakini nilitaka anitamkie. Alipojibu, sauti ilikuwa ndefu, na mbuzi walilia nyuma yake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwingia machoni tangu mwaka uliotangulia. Jicho moja lilikwisha, la pili lilikuwa likionyesha vivuli. Dada yake, anayekaa naye, ndiye aliyekuwa akimweleza picha zangu, na Ijumaa ile dada alikuwa ametoka, basi akabahatisha. Hakutaka nijue kwa sababu ningeacha kazi. Mnadani alikuwa akipapasa ng'ombe kwa mkono na watu wakidhani ni ujuzi.

"Na saiti ulizitakia nini?" nilimuuliza. Nilikuwa na hasira, siwezi kusema sikuwa nayo.

"Ulisema zinang'aa zenyewe," akasema. "Nikawaza, labda mwanga wa namna hiyo unapenya. Nikiona hata nukta moja, nitajua bado nina macho."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walisema, na mimi fimbo yangu ilikuwa mbali kupita kiasi, lakini niliitumia. Nilimwambia bastola isilale ndani ya nyumba ile siku moja zaidi. Akabisha kidogo, kwa heshima ya uanaume wake, kisha dada yake akamshika mkono wakaipeleka kituo cha polisi ikahifadhiwe. Nilimwambia aende kwa daktari wa macho, akaenda. Daktari alisema wataokoa vivuli, si zaidi. Niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nikaambiwa mkataba kwanza. Khalas, ndiyo basi. Saiti zote mbili nilizirudisha kabatini, na kesho yake nikamuuzia mtu ile ya kijani.

Kilichonila moyo hakikuwa hata macho yenyewe. Ni kwamba kwa mwaka mzima nilijivalia, nikajipaka, nikatafuta mwanga mzuri karibu na dirisha, nikidhani mume wangu ananiona, kumbe alikuwa akionyeshwa mwanamke wa maneno ya dada yake. Wifi yangu ni mtu mwema, lakini si mwenye maneno mengi. Nadhani kila wiki nilikuwa "amevaa gauni, anatabasamu".

Ijumaa iliyofuata nilifunga mlango wa choo cha wafanyakazi, nikasimama mbele ya kioo, nikabonyeza simu.

"Mzee, nisikilize, na usinisifu mpaka nimalize," nikasema. "Nimenenepa mashavu, ni wali wa huku. Ngozi imekuwa nyeusi zaidi shingoni kuliko usoni. Chini ya macho pamevimba kidogo, nimelia, lakini sasa nimenawa. Nimesuka mistari, minne, si mizuri, tumesukana wenyewe. Na hapa karibu na sikio la kushoto nina mvi. Hii hata dada yako hakukuambia, kwa sababu kwenye picha huwa naigeuzia simu upande ule mwingine."